Fundi Jibu: Programu ikikrashi, ile ripoti inaondoka na nini?

Barua za safari hii zimekuja nyingi na karibu zote zinazunguka kitu kimoja, lile dirisha linalotokea programu ikijifunga ghafla, linauliza utume ripoti au usitume, na wengine wanasema wao halijawauliza hata siku moja, wamekuja kushtukia tu kumbe ripoti zilikuwa zinaenda. Nimechagua barua chache, zingine nimezifupisha maana kuna mtu kaniandikia ukurasa mzima wa salamu kabla hajafika kwenye laptopu. Twende kazi.

SWALI: Habari Fundi. Mi ni mhasibu, natumia Windows 11. Juzi nikiwa kwenye faili la mishahara ya wafanyakazi programu ikaganda, ikajifunga, halafu kukatokea ka-ujumbe kanasema inakusanya taarifa za tatizo, sekunde chache kakapotea. Sasa ile mishahara imeenda? Na kama imeenda imeenda kwa nani? Bosi akijua si nitafukuzwa. (Jina kapuni)

JIBU: Pole, na usimwambie bosi chochote kabla hujamaliza kusoma hapa. Kwa jinsi mambo yanavyofanya kazi kuna uwezekano mkubwa mishahara haijaenda popote, ila siwezi kukuapia, na sababu ya kutokuapia ndo kitu unachotakiwa ukielewe vizuri.

Programu ikikrashi, Windows haichukui kila kitu kwa mkupuo, inachukua kwa mafungu. Fungu la kwanza ni jina la programu, toleo lake, kipande kipi cha programu kimeanguka na ni sehemu gani ndani ya hicho kipande mambo yameharibikia. Hayo ni maandishi machache tu, hayana mshahara wa mtu. Seva ya Microsoft inayapokea, inaangalia kosa kama hili imeshaliona au ni jipya, na mara nyingi inatosheka, mambo yanaishia hapo. Ikitaka zaidi ndo linakuja fungu la pili, mafundi tunaita dampu, ambayo ni nakala ya memori ya programu jinsi ilivyokuwa sekunde ile inakufa. Sasa jiulize memori ya programu ina nini. Ina faili ulilolifungua! Ina maneno uliyoyanakili dakika mbili zilizopita ukasahau, ina njia ya folda ambayo ndani yake kuna jina lako la mtumiaji, na jina la faili lenyewe, na kama umeliita "mishahara ya mwezi" basi na hilo limo. Dampu ndogo inabeba kipande tu, ila hakuna mtu anayekaa kuchagua kwamba kipande hiki kina siri kiachwe. Ni bahati yako ya wakati ule. Hata Microsoft wenyewe kwenye maelezo yao wameandika bila kuficha kwamba hali ya memori wakati wa krashi inaweza kubeba, bila kukusudia, sehemu za faili ulilokuwa unalitumia.

Habari njema ni kwamba hilo fungu la pili limefungwa kwenye swichi moja. Fungua Settings, nenda Privacy & security, halafu Diagnostics & feedback, hapo utakuta kitu kinaitwa "Send optional diagnostic data". Ikiwa imewashwa, umekubali hiyo ripoti nene yenye memori, pamoja na vitu vingine kama jinsi unavyotumia programu na tovuti unazotembelea. Ikiwa imezimwa inabaki data ya lazima tu, yani kompyuta yako ni aina gani, ina setingi gani, na inafanya kazi vizuri au inakwama kwama. Hiyo ya lazima kwenye Windows ya kawaida ya nyumbani hakuna swichi ya kuizima, na mi binafsi hilo silipendi, mtu amenunua mashine yake angepewa uamuzi wote, lakini ndo hivyo.

Kwa kazi yako zima hiyo swichi leo. Halafu hapo hapo kwenye ukurasa ule kuna sehemu ya kutazama data, View diagnostic data, ukiiwasha inakula nafasi mpaka GB 1 kwenye diski, na kuna programu ya Microsoft ya bure ya kusomea, Diagnostic Data Viewer, ndani yake kuna sehemu ya ripoti za matatizo. Njia nyingine ya haraka zaidi, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika perfmon /rel, itafunguka kalenda ya krashi zote za karibuni, tafuta siku ile, bofya uone ni programu gani na Windows ilikusanya nini. Ukikuta ni Excel jua kwamba Office nayo ina setingi zake za faragha pembeni, ziko kwenye File, Account, halafu Manage Settings, kwa hiyo kuzima ya Windows peke yake usihesabu umemaliza.

Na mwisho kwako, kama hiyo kompyuta ni ya ofisi na ukikuta swichi imefifia haibonyezeki, kuna maandishi kwamba setingi zinasimamiwa na taasisi, basi uamuzi ulishafanywa na watu wa IT. Hapo mzigo si wako tena. Waulize wao wameweka kiwango gani, tena uliza kwa maandishi.

SWALI: Fundi eti ni kweli hizi ripoti zilikuwa zinasomwa na majasusi wa Marekani? Kuna jamaa yangu kila tukikaa anaileta hii stori, mi namwona kama anapenda tu mambo ya siri siri.

JIBU: Jamaa yako safari hii yuko sahihi, mpe maua yake. Desemba 2013 jarida la Ujerumani, Der Spiegel, liliandika kutokana na nyaraka za siri za NSA, shirika la ujasusi la Marekani, kwamba kitengo chao cha udukuzi kilikuwa kinazivizia ripoti za hitilafu za Windows zikiwa njiani kwenye intaneti. Na mwezi huo huo wataalamu wa usalama wa mtandao walionyesha kwamba lile fungu la kwanza nililolieleza hapo juu lilikuwa linasafiri wazi, halijasimbwa. Unaweza kusema sasa jina la programu na toleo lake jasusi atafanyia nini, lakini fikiria, mtu akitaka kukuingilia kitu cha kwanza anachotafuta ni kujua una programu gani, toleo la lini na ni lipi linaanguka anguka. We mwenyewe ndo unamtumia orodha! Siku hizi ripoti zinapita kwenye njia iliyosimbwa kwa hiyo mtu wa katikati hazisomi kirahisi. Anayezisoma ni yule aliyetumiwa, na huyo ndo wa kumuuliza maswali.

SWALI: Nimepata skripti (faili la amri zinazojiendesha zenyewe) inayozima kila aina ya ufuatiliaji kwenye Windows, inafuta huduma ya ripoti, inagusa rejista (ghala la setingi za ndani za Windows), inazuia seva za Microsoft, kila kitu. Niiendeshe? Mi sitaki kampuni yoyote ijue chochote kuhusu mimi, kwani wao wananijulia nini.

JIBU: Usiendeshe kitu ambacho huwezi kukisoma mstari kwa mstari, hilo kwanza. Unakataa kumpa Microsoft jina la programu iliyokrashi halafu unampa mtu usiyemjua mamlaka yote ya admini kwenye mashine yako, hesabu hiyo mi hainiingii.

Pili, kama nia yako ni ripoti za krashi tu, hiyo ni kazi ndogo haihitaji skripti. Kwenye Windows za Pro kwenda juu kuna sera kabisa, fungua gpedit.msc, ingia Computer Configuration, Administrative Templates, Windows Components, Windows Error Reporting, washa ile ya "Disable Windows Error Reporting". Kwenye Home gpedit haipo, unaweka kwenye rejista chini ya HKLM\SOFTWARE\Microsoft\Windows\Windows Error Reporting thamani ya DWORD inayoitwa Disabled yenye namba 1. Basi. Ukitaka kurudisha unaweka 0, si kama skripti ambayo siku kitu kimeharibika hujui hata imegusa wapi.

Tatu, na hapa najua tutabishana, mi sioni ubaya wa ripoti zenyewe. Steve Ballmer akiwa bosi wa Microsoft mwaka 2002 aliwaandikia wateja kwamba kutokana na hizi ripoti waligundua asilimia 20 hivi ya makosa ndo yanaleta asilimia 80 ya matatizo yote, na asilimia 1 tu ya makosa inaleta nusu nzima. Bila ripoti hiyo asilimia 1 wangeijuaje, wangekuwa wanarekebisha wanachokisikia kwa wateja wenye sauti kubwa. Halafu chukua ile siku ya tarehe 19 Julai 2024, apdeti mbovu ya CrowdStrike, kampuni ya usalama wa kompyuta, ikaangusha kompyuta ambazo Microsoft ilikadiria ni milioni 8.5, skrini za bluu viwanja vya ndege, hospitali, benki, na baadaye Microsoft walipotoa uchambuzi wao wa nini kilitokea ndani ya draiva walitumia dampu za wale waliokuwa wamekubali kutuma. Mtu mmoja aliyekubali amewasaidia wengi ambao hawamjui.

Kwa hiyo kwa laptopu ya nyumbani ya magemu na muvi mi ningeacha ripoti ziende, ningezima tu ile nyongeza ya hiari. Kwa mashine yenye siri za watu wengine, wagonjwa, wateja, wanafunzi, hapo nakubaliana na wewe, zima. Siri si yako, huwezi kuigawa kwa hiari yako.

SWALI: Fundi, natumia Mac na huwa nawacheka sana hao wa Windows. Sisi huku Apple hawachukui kitu, si ndio?

JIBU: Punguza kucheka. Apple nao wanachukua, tofauti ni kwamba ripoti yao ya krashi ya kawaida ni maandishi unayoweza kuyasoma mwenyewe na haibebi nakala ya memori kama dampu ya Windows. Fungua programu ya Console ambayo iko ndani ya Mac tayari, upande wa kushoto bofya Crash Reports, fungua yoyote, utakuta jina la programu, toleo, aina ya mashine, toleo la macOS, aina ya kosa, halafu orodha ndefu ya hatua ambazo programu ilikuwa inazifanya ikafia wapi. Ukiangalia vizuri hata njia ya folda yako ya nyumbani wamefuta jina, wameandika USER na nyota. Hapo lazima niwasifu, kazi hiyo imefanywa na mtu aliyefikiria.

Setingi ziko System Settings, Privacy & Security, halafu shuka mpaka chini kabisa Analytics & Improvements (macOS za kabla ya Ventura ya 2022 unaingilia System Preferences, Security & Privacy, kitufe cha Privacy). Kuna "Share Mac Analytics" inayopeleka kwa Apple, na chini yake ya kuruhusu Apple wawagawie waliotengeneza programu. Hizo ni ruhusa mbili tofauti usizichanganye, unaweza kuwaamini Apple ukawa humuamini aliyetengeneza ka-programu ka kubadilisha picha ulikokapakua jana. Ya iCloud nayo iko peke yake hapo hapo.

Sasa ngoja nikwambie wapi watu wa Mac wanajichoma. Programu ikianguka linakuja dirisha lenye Ignore, Report na Reopen. Ukibofya Report linafunguka lingine lenye sehemu ya kuandika maelezo. Humo watu wanaandika mambo! Mtu kakasirika anaandika jina lake kamili, namba ya simu, "nilikuwa naandaa mkataba wa fulani bin fulani ikafunga", yani mashine imejitahidi kuficha jina lako wewe unaliandika kwa mkono. Andika ulichobofya na kilichotokea, inatosha.

SWALI: Mkuu, niko Ubuntu, nimehamia huko kwa ajili ya faragha. Juzi nikiwa napekua nikakuta folda ya /var/crash ina faili kubwa la programu yangu mwenyewe niliyokuwa naitengeneza, mimi sijawahi kukubali kitu. Linux nayo imekuwa hivi?

JIBU: Hapa tutulie kidogo, kwa sababu umegusa kitu ambacho watu wa mifumo yote wanakikosea, kwamba kukusanya na kutuma ni mambo mawili. Kwenye Ubuntu kuna Apport, huyo ndo anayeshika programu ikianguka na kuandika faili ndani ya /var/crash, na kuna whoopsie, huyo kazi yake ni kupeleka kwa Canonical, kampuni inayotengeneza Ubuntu. Kukuta faili kwenye folda maana yake ni kwamba Apport amefanya kazi yake, si kwamba limeshaenda.

Kuenda au kutoenda kunaamuliwa kwenye Settings, sehemu ya Privacy, Diagnostics, kuna machaguo matatu: isitume kabisa, itume yenyewe, au ikuulize kila mara. Mi nakushauri hiyo ya kuulizwa na ningetamani mifumo yote ingekuwa nayo, kwa sababu krashi ya kicheza muziki na krashi ya programu ya kuhifadhi pasiwedi si kitu kimoja, unataka uamue kwa tukio. Dirisha likitokea, bofya sehemu ya kuonyesha maelezo kabla hujatuma, utaona kila kilichomo.

Na kilichomo kisome kweli, usipitie tu. Mbali na dampu yenyewe kuna mstari unaoitwa ProcCmdline, ni amri nzima kama ilivyoandikwa wakati programu inaanzishwa. We ni mtu wa kutengeneza programu, hebu kuwa mkweli, umeshawahi kuanzisha kitu kwenye teminali ukaweka pasiwedi ya database palepale kwenye amri? Basi imo, tena wazi. Mtu anaweza kuhangaika na memori kumbe siri imekaa kwenye mstari wa juu kabisa. Watengenezaji wa Apport wanajua hatari hii, ndo maana ripoti za krashi zinazofunguliwa nayo kwenye Launchpad (tovuti ya Canonical ya kufuatilia makosa) zinaanza zikiwa zimefungwa kwa umma, na dampu inaondolewa baada ya kuchambuliwa.

Kitu kingine, ripoti hazina jina lako lakini zina namba ya utambulisho iliyotengenezwa kwa kupitisha kitambulisho cha mashine yako kwenye hashi ya SHA-512, yani hesabu ya njia moja isiyorudishika nyuma. Kwa namba hiyo hawawezi kukujua wewe ni nani ila wanaweza kujua ripoti hii na ile ya mwezi uliopita zimetoka mashine moja. Wengine hilo haliwasumbui, wengine linawasumbua, mi nakwambia tu uamue.

Kama hutaki hata faili lenyewe liandikwe kwenye diski, fungua /etc/default/apport weka enabled=0. Distro (matoleo ya Linux) nyingine nyingi hazina Apport, zinatumia systemd-coredump, huko mafaili yanakaa /var/lib/systemd/coredump, unayaorodhesha kwa coredumpctl list, na kuzuia yasihifadhiwe unaweka Storage=none kwenye /etc/systemd/coredump.conf. Fedora wana chao kinaitwa ABRT. Debian ya kawaida haina mtumaji wa ripoti za krashi anayejiwasha mwenyewe, inakuuliza tu wakati wa kuinstoli kama unataka kushiriki takwimu za vifurushi, na jibu lililowekwa tayari ni hapana.

Usiache mafaili hayo yakae hovyo lakini. Laptopu ikiibiwa na diski haijasimbwa, mwizi hahitaji whoopsie.

SWALI: Nimezima ripoti zote kwenye Windows kama ulivyosema toleo lililopita lakini Firefox bado inaniuliza nitume ripoti. Inakuwaje?

JIBU: Kwa sababu setingi ya mfumo inaongoza mtumaji wa mfumo, haimwongozi mtumaji wa programu. Firefox na Chrome zina watumaji wao, magemu mengi yana wao, VS Code, ile programu ya kuandikia msimbo, ina wake (tafuta telemetry.telemetryLevel, unaweza kuiweka off, au crash ukitaka itume krashi tu na si mengine). Kila programu uiulize yenyewe.

Firefox andika about:crashes kwenye sehemu ya anwani, utaona zilizotumwa na ambazo hazijatumwa, na unaweza kuzifuta hapo hapo. Chrome ni chrome://crashes. Kwenye lile dirisha la Firefox kuna kijisanduku cha kuambatanisha anwani ya ukurasa uliokuwa umefungua, hicho kiangalie kwa macho mawili, anwani moja inaweza kueleza ugonjwa wako au ina tokeni ya kuingilia akaunti. Ila niwatetee Mozilla, watengenezaji wa Firefox, ripoti zao zinawekwa hadharani crash-stats.mozilla.org kila mtu anaona ni kosa gani linasumbua, na zile sehemu nyeti kama anwani za kurasa na memori zinafungwa, wanaona wenye kibali tu.

SWALI: Kampuni iliyotuuzia programu inataka tuwatumie "full memory dump" ya seva yetu ili watatue tatizo. Meneja anasema tutume tu, kuna shida?

JIBU: Shida ipo, kubwa. Dampu nzima ni memori yote ya mashine, kama seva ina GB 64 basi faili ni la ukubwa huo huo, na humo kuna kila kitu kilichokuwa hai: pasiwedi za watu walioingia, funguo za usimbaji, rekodi za wateja. Ni sawa na kumkabidhi fundi bomba funguo za nyumba nzima kwa sababu sinki linavuja.

Waulize kwanza kama dampu ndogo haitoshi, mara nyingi inatosha au inatosha ile ya kiini cha mfumo (kernel) peke yake. Aina unaichagua kwenye Windows kwa kuandika sysdm.cpl, Advanced, Startup and Recovery. Wakikomaa kwamba lazima iwe nzima, litumwe kwa njia iliyosimbwa, iandikwe nani atalifungua, litafutwa lini, na ukishatuma badilisha pasiwedi na funguo zilizokuwa zinatumika kwenye hiyo seva. Na msilipakie kabisa kwenye tovuti ya wazi ya kuomba msaada, hata ile ndogo usiipakie kama ina njia za folda zenye majina ya watu.

Meneja akisema unaongeza chumvi mwambie hii. Septemba 2023 Microsoft wenyewe walieleza kwamba ufunguo wao wa kusaini, uliotumiwa na wadukuzi kuingia kwenye barua pepe za maofisa wa serikali ya Marekani, inawezekana ulivuja kupitia dampu ya krashi ya mwaka 2021 iliyohamishwa kutoka mtandao uliolindwa. Machi 2024 wakasahihisha, kwamba hiyo dampu yenye ufunguo hawajaipata. Kampuni iliyotengeneza Windows haikuweza kusema kwa uhakika nini kilikuwa ndani ya dampu yake. Sasa nyie mtajua ya kwenu?

SWALI: Mwanangu, mimi ni mtu mzima, miaka yote nimekuwa nabonyeza Tuma bila kusoma. Naweza kuzirudisha?

JIBU: Shikamoo mzee. Kuzirudisha zote hapana, ila kuna unachoweza kufanya. Kama ni Windows, kwenye ule ukurasa wa Diagnostics & feedback kuna kitufe cha Delete, ukikibonyeza unaomba Microsoft wafute data ya uchunguzi waliyokusanya kutoka kifaa hicho. Kwenye Mac hakuna kitufe cha namna hiyo, unazima tu isiendelee.

Halafu safisha zilizobaki ndani ya kompyuta, maana hizo hazihitaji kuomba mtu. Andika Disk Cleanup kwenye kutafuta, bofya sehemu ya kusafisha mafaili ya mfumo, weka tiki kwenye dampu za memori na kwenye ripoti za hitilafu za Windows. Kuna faili linaitwa MEMORY.DMP ndani ya C:\Windows, hilo peke yake laweza kuwa la GB kadhaa. Kama mashine bado inakrashi krashi, mzee, usifute kwanza, mpe fundi anayeitengeneza aliangalie, akimaliza ndo ufute, na ukae naye pembeni wakati anaangalia.